Joto la Tairi: Mwongozo kwa Dereva wa Gemu za Mbio

Vibanda vya PlayStation vya katikati ya jiji, vile vya ghorofani kandokando ya Moi Avenue na Tom Mboya, vimewafundisha vijana wengi wa Nairobi kuendesha gari kabla hawajashika usukani wa gari la kweli. Lakini vimewafundisha jambo moja tu: kukanyaga mafuta. Umelipia muda, wenzako wanangoja zamu, mbio ni mizunguko mitatu. Tairi halipati nafasi ya kuchemka, sembuse kuisha.

Mambo hugeuka siku unapojinunulia usukani wako na kujiunga na mbio za mtandaoni za dakika 45 ukiwa kwako Kawangware, Kileleshwa au Westlands. Mizunguko ya kwanza unapaa. Kufika wa sita, gari linateleza kwenye kona ulizokuwa ukizipita bila wasiwasi. Kufika wa kumi, unapitwa na watu uliokuwa umewaacha. Unarudi kwenye mipangilio, unabadilisha springi, unainua bawa la nyuma, na gari linazidi kuwa baya.

Mara nyingi gari halikuwa na kosa. Ni wewe uliyeyachemsha matairi. Joto la tairi hutoka kwanza kwenye mikono na miguu ya dereva. Upepo wa tairi na mipangilio mingine huja baadaye. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kusoma vipimo, kurekebisha uendeshaji, kupanga upepo, na mwisho kabisa kugusa mengine. Ukiupindua, utakesha ukitibu ugonjwa usiokuwepo.

Tairi linataka joto kiasi gani?

Tairi la mbio halifanyi kazi likiwa baridi. Mpira baridi ni mgumu, unapita juu ya lami bila kuishika. Ukipata joto unalainika, unajibana kwenye vinundu na vishimo vidogo vya lami, na gari linatulia. Joto likipita kiasi mpira unakuwa laini mno, unakwanguka, na gari linaanza kuelea. Kwa hiyo kila tairi lina kiwango chake cha chini na cha juu, na kazi yako ni kukaa katikati.

Katika Assetto Corsa Competizione, gemu ya kampuni ya Kunos Simulazioni ya Italia iliyotoka rasmi mwaka 2019, matairi ya magari ya GT3 hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 70 na 100 za Selsiasi. Ukiyaona yametulia kati ya 80 na 95, uko pazuri. Gemu nyingine zina viwango vyake, na hata ndani ya gemu moja tairi laini hushika mapema na kuchemka mapema kuliko gumu. Jua kiwango cha gari lako kabla ya siku ya mbio, wala usidhani cha gari moja kinafaa jingine.

Kisha elewa kwamba tairi lina joto la aina mbili. Kuna joto la juu, pale mpira unapogusa lami. Hili hupanda ndani ya kona moja na kushuka kwenye sehemu iliyonyooka inayofuata. Kuna joto la ndani, la mwili wa tairi na hewa iliyomo. Hili huchukua mizunguko miwili mitatu kupanda, na likishapanda mno halishuki kwa urahisi. Tairi lililopashwa kwa pupa ni chapati iliyoungua nje na kubaki mbichi ndani: ukiitazama unadhani iko tayari, ukiikata unajua. Ukiteleza ovyo mzunguko wa kwanza, uso wa tairi utaonyesha nyekundu ilhali mwili wake bado ni baridi, na hutapata mshiko wowote wa maana.

Soma kabla ya kugusa

Gemu nzuri hugawa uso wa tairi sehemu tatu: ukingo wa ndani unaoelekea katikati ya gari, sehemu ya kati, na ukingo wa nje. Nyingine hukupa rangi tu: buluu ni baridi, kijani ni sawa, nyekundu ni moto. iRacing haikuonyeshi joto la uso wa tairi ukiwa mbioni. Unalipata ukisimama piti, kama fundi wa kweli anayechomeka kipimajoto kwenye mpira. Vyovyote iwavyo, soma mahali pale pale kila mzunguko, hasa katikati ya sehemu ndefu iliyonyooka. Ukisoma ukiwa kwenye kona, utaona joto la sekunde hiyo tu, na huenda usione ukuta.

Ukishapata namba, zitafsiri hivi:

– Sehemu ya kati ni moto kuliko kingo zote mbili: upepo umezidi, tairi limevimba katikati.

– Kingo zote mbili ni moto kuliko kati: upepo ni mdogo, tairi limebonyea.

– Ukingo wa ndani umezidi wa nje kwa nyuzi 5 hadi 10 hivi: ni kawaida, kwa sababu magurudumu ya mbio huinamishwa kidogo kuelekea ndani. Tofauti ikipita 15, yameinama mno.

– Ukingo wa nje ni moto kuliko wa ndani: gurudumu limesimama wima kupita kiasi, au unalazimisha gari kukata kona kwa kasi lisiyoiweza.

– Matairi mawili ya mbele ni moto kuliko ya nyuma: unazidisha usukani.

– Mawili ya nyuma ni moto kuliko ya mbele: unakanyaga mafuta mapema mno ukitoka kwenye kona.

– Tairi moja tu ni moto: angalia umbo la uwanja kabla ya kujilaumu. Silverstone, Uingereza, ina kona nyingi za kasi za kulia, na mzigo wote huangukia kushoto. Katika mbio za Formula 1 za Agosti 2, 2020, tairi la mbele kushoto la Lewis Hamilton lilipasuka mzunguko wa mwisho, akamaliza kwa matairi matatu na bado akashinda. Madereva wenzake Bottas na Sainz walipoteza tairi lile lile mizunguko hiyo hiyo ya mwisho. Ukicheza huko, tairi la kuchunga ni hilo.

Mikono na miguu

Anza na usukani, maana hapo ndipo joto jingi huanzia. Tairi la mbele hushika zaidi likiwa limekatwa digrii chache tu kutoka upande gari linakoelekea. Ukiingia kona kwa kasi kupita kiasi, gari linagoma kugeuka, nawe unaongeza usukani. Gari haligeuki zaidi; tairi linaburuzwa tu na kupata moto. Dawa yake inaonekana kinyume: rudisha usukani kidogo, ungoja mshiko urudi, kisha kata tena. Mzunguko unaofuata, funga breki mapema kidogo kwenye kona hiyo.

Wanaotumia kidhibiti cha mkononi wana taabu zaidi hapa. Kidole gumba kikisukuma kijiti mpaka mwisho, gemu hukata usukani wote mara moja. Ingia kwenye mipangilio ya kidhibiti na upunguze wepesi wa kijiti, ili nusu ya kwanza ya mwendo wake ilete mgeuko mdogo. Badiliko hilo peke yake linaweza kushusha joto la matairi ya mbele kabla hujagusa kitu kingine.

Kwenye breki, kosa kubwa ni kuzifunga magurudumu yakagoma kuzunguka. Hapo sehemu moja ndogo ya tairi inasuguliwa peke yake, inapata moto na kuchubuka, na gari linaanza kutetemeka. Kanyaga kwa nguvu mwanzoni wakati gari lina kasi, kisha achilia polepole kadiri unavyoingia kwenye kona. Kumbuka pia kwamba breki zenyewe ni jiko: joto lake hupita kwenye rimu na kuipasha hewa ya ndani ya tairi. Kwenye uwanja wenye breki nzito kama Monza, upepo wa mbele unaweza kupanda ingawa huna kosa lolote kwenye kona.

Kwenye mafuta, sikiliza injini. Mlio ukiruka juu ghafla bila gari kusonga, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure na kujipika. Toka kwenye kona za polepole kwa gia moja juu ya ile uliyozoea, na uongeze mafuta kadiri unavyorudisha usukani. Kidhibiti mteleko kikiwepo kwenye gari, kiongeze kituo kimoja katika nusu ya pili ya mbio. Huo si uoga. Hata madereva wa GT3 wa kweli hubadilisha kituo hicho wakiwa njiani.

Jambo la mwisho ni gari lililo mbele yako. Ukilifuata karibu kwenye kona, hewa inayokufikia imevurugika. Mabawa yako yanakosa nguvu ya kukandamiza, gari linateleza, matairi yanachemka. Ukiona huwezi kupita mzunguko huu, mwachie nafasi ya sekunde moja hivi kwenye kona za kasi, na kwenye sehemu iliyonyooka sogea nusu gari pembeni upate hewa safi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kupasha bila kuunguza

Kwenye mzunguko wa kujipanga, wengi huyumbisha gari kushoto na kulia tu. Kuyumba hupasha uso, na joto hilo hupotea haraka. Kinachopasha mwili wa tairi ni kuongeza mwendo na kufunga breki kwa nguvu, mara kadhaa, kwenye sehemu iliyonyooka, huku nyuma yako pakiwa wazi. Changanya vyote viwili, ukizidisha breki kadiri unavyokaribia mstari wa kuanzia.

Mzunguko wa kwanza na wa pili, funga breki mapema kuliko kawaida na usigombanie kila kona. Hali kadhalika ukitoka piti na matairi mapya. Ajali nyingi za mwanzo wa mbio hutokana na mtu aliyesahau kwamba lami ni ile ile ila tairi bado halijawa tayari.

Na tuelewane: haya ni ya kwenye skrini. Gari la familia lina matairi yaliyotengenezwa yashike tangu yanapotoka nyumbani, hata asubuhi ya baridi ya Julai. Hakuna sababu ya kuyumbayumba Waiyaki Way wala kwenye Expressway, ambako kikomo ni kilomita 80 kwa saa na kuna watu wenye maisha yao. Ukitaka kuonja tairi baridi kwa mwili wako, nenda kwenye kiwanja cha karti kando ya Barabara ya Lang'ata. Mizunguko ya mwanzo karti inateleza kila kona. Mpira ukishapata moto, utaona tofauti bila kusoma namba yoyote.

Upepo

Ukishatulia kiuendeshaji na namba bado haziko sawa, sasa gusa upepo. Hewa iliyofungiwa ikipata joto husukuma zaidi, na kwa tairi la mbio kanuni ya kukumbuka ni hii: nyuzi moja ya joto ni takriban PSI 0.1. Katika Assetto Corsa Competizione ya sasa, lenga PSI 26 hadi 27 kwenye lami kavu, matairi yakiwa yameshapata moto. Kwenye mvua lenga karibu 30. Hizo ni namba za njiani. Za piti huwa chini, na ni juu yako kujua gari lako hupandisha kiasi gani.

Chukua mfano. Umefanya mazoezi mchana wa ndani ya gemu, hewa ikiwa nyuzi 26, na upepo ukatulia kwenye 26.6. Mbio zenyewe zimepangwa jioni, hewa nyuzi 18. Tofauti ni nyuzi 8, yaani PSI 0.8. Ukiacha mipangilio ilivyo, utakimbia na 25.8, chini ya kiwango. Basi ongeza 0.8 kwa kila tairi kabla ya kuanza. Siku ya joto zaidi, unatoa badala ya kuongeza. Angalia hali ya hewa ya seva, si ya dirishani kwako. Gemu haijui kwamba umevaa sweta.

Hii ndiyo sababu usinakili namba za mtu uliyemwona kwenye video. Namba ya upepo bila hali yake ya hewa haina maana, na barabara zetu zinathibitisha. Tairi lililojazwa PSI 30 Mombasa, likifikishwa Nairobi bila joto kubadilika, kipimo kitasoma karibu 32.5. Hakuna hewa iliyoongezwa. Kipimo hulinganisha hewa ya ndani na ya nje, na ya nje ni nyepesi kwenye mwinuko wetu wa takriban mita 1,700. Baridi ya Nairobi nayo hushusha sehemu ya nyongeza hiyo. Tairi ni lile lile, namba mbili tofauti.

Kuhusu mvua: matairi ya mvua huhimili maji, hayahimili lami inayokauka. Njia ikianza kukauka, pita kwenye sehemu zilizobaki na maji ukiwa kwenye mstari ulionyooka ili uyapoze, na anza kuhesabu mizunguko ya kuingia piti.

Yaliyobaki

Baada ya upepo ndipo uje kwenye pembe za magurudumu. Ukingo wa ndani ukiwa moto mno, punguza kuinama kwa gurudumu kidogo kidogo. Ncha za matairi zikielekea ndani au nje kupita kiasi, tairi huburuzwa hata kwenye njia iliyonyooka, kwa hiyo zikaribishe kwenye unyoofu. Breki zikiipasha hewa ya tairi, fungua zaidi matundu yake ya kupoza. Mbele kukizidi kuchemka, legeza kidogo fimbo ya mbele inayozuia gari kulala kwenye kona. Nyuma kukizidi, legeza ya nyuma.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha kimbia mizunguko mitano. Ukibadilisha vitatu na gari likapona, hujui kilicholiponya.

Na kwenye vumbi?

Mkenya akisema gemu ya mbio, mara nyingi mawazo yake yako kwenye Safari Rally, iliyoanza 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, magari yakipeperushiwa bendera pale KICC kabla ya kwenda Naivasha. Wachezaji waliianza zamani: Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na njia za Kenya, na EA Sports WRC ya 2023 inayo Safari yenyewe.

Huko hesabu hubadilika. Changarawe huachia chini ya tairi, kwa hiyo joto halijikusanyi kama kwenye lami. Kinachokumaliza ni kuisha kwa mpira na mawe yanayokata. Chagua tairi gumu siku kavu ya joto na mawe, laini pakiwa na matope. Lakini tabia ya dereva ni ile ile: anayezungusha magurudumu bure akitoka kila kona ndiye atakayefika mwisho wa hatua akiwa na kipara.

Zoezi la jioni moja

Chagua gari moja na uwanja mmoja. Kyalami ya Afrika Kusini, iliyoongezwa kwenye Assetto Corsa Competizione mwaka 2020 na ambayo ndiyo pekee ya Afrika humo, inafaa: ina kilomita 4.5, miteremko, kona ndefu na breki nzito. Weka hali ya hewa isiyobadilika na mafuta ya mizunguko 15.

Mizunguko mitatu ya kwanza, pasha tu. Mitano inayofuata, kimbia uwezavyo na uandike muda na joto la kila tairi. Mitano ya mwisho, kimbia chini kidogo ya uwezo wako: breki mapema kidogo, usukani mdogo, gia moja juu. Linganisha. Usishangae muda wa mafungu hayo mawili ukikaribiana, huku matairi ya fungu la mwisho yakiwa na joto la chini. Tofauti hiyo ndiyo itakayokufikisha dakika ya 45 ukiwa bado na gari.

Ukiwa unachezea kibandani, mwombe mhudumu akufungulie mbio ndefu saa zisizo na watu. Ukiwa nyumbani, weka betri ya akiba kwa modemu na mashine, maana stima ikipotea mzunguko wa ishirini hakuna mpangilio wa tairi utakaokuokoa.

Siku ya mbio, rangi nyekundu ikitokea, punguza mkono kwanza. Toa mizunguko miwili ya upole, tazama kama kijani kinarudi. Kikirudi, kosa lilikuwa lako na umeshalitibu bila kuingia piti. Kisiporudi, hapo ndipo una haki ya kulaumu mipangilio.